Sindano Moja kwa Watoto wa Kamina

Kamina imejengwa na reli. Njia inayotoka Lubumbashi kupitia Likasi, Tenke na Bukama ikifika pale inagawanyika: tawi moja linakwenda Mwene-Ditu, Kananga na Ilebo, jingine linapanda Kabongo na Kabalo kuelekea Kalemie na Kindu. Ukiutazama kwenye ramani utadhani ni mji usioweza kumkwamisha mtu. Lakini mwanamke wa Kamina anayetokwa na damu baada ya tendo la ndoa, au anayeona damu tena miaka kadhaa baada ya kukoma hedhi, hugundua kwamba hakuna hata njia moja kati ya hizo inayomfikisha upesi kwenye mashine ya mionzi. Treni ya SNCC, shirika la reli la taifa, huja inapoweza kuja. Kwa miaka mingi mgonjwa wa Katanga aliyehitaji mionzi, kama ndugu walifaulu kuchanga, alishuka Lubumbashi, akavuka mpaka wa Kasumbalesa, akaendelea hadi Lusaka kwenye hospitali ya saratani iliyofunguliwa mwaka 2007. Ambaye ndugu zake hawakufaulu alirudi nyumbani na vidonge vya maumivu.

Nitasema mapema ninachokiamini, msomaji aamue mwenyewe kama nimekithibitisha. Chanjo ya HPV, kirusi kinacholeta saratani ya mlango wa kizazi, inamfaa zaidi msichana wa Kamina kuliko msichana wa London. Yule wa London, hata asipochanjwa, ataitwa akapimwe akifika umri wake, na kidonda kikionekana kitaondolewa kabla hakijawa saratani. Wa Kamina haitwi na mtu. Kinga yake yote inaweza kuwa sindano ile moja. Na bado Uingereza ilianza kuwachanja wasichana wake mwaka 2008, huku mwishoni mwa mwaka 2023 chanjo hiyo ikiwa haijaingia katika kalenda ya PEV, mpango wa chanjo wa Kongo.

HPV ni jina la ukoo wa virusi wenye aina zaidi ya 200, na nyingi kati yake hazina makuu. Chunjua za vidoleni mwa watoto wa shule ni kazi ya ukoo huohuo. Aina ya 6 na ya 11 huleta masundosundo sehemu za siri, yanayoudhi na kuaibisha lakini hayaui. Za kuogopwa ni ya 16 na ya 18. Hizo mbili peke yake husababisha takriban asilimia 70 ya saratani zote za mlango wa kizazi duniani. Mwaka 2022 wanawake wapatao 660,000 waligunduliwa kuwa na saratani hiyo na wapatao 350,000 walikufa nayo, walio wengi katika nchi zinazofanana na yetu.

Kirusi hiki huambukizwa ngozi inapogusana na ngozi wakati wa kujamiiana, ndiyo maana kondomu inapunguza hatari bila kuimaliza. Wengi wetu tuliowahi kujamiiana tumewahi kuwa nacho, bila homa, bila muwasho, bila kujua. Hapa panahitaji kusemwa wazi, maana ndipo ndoa zinapovunjika bure. Mke ambaye hajawahi kumjua mwanamume mwingine zaidi ya mumewe anaweza kuwa na HPV. Mume naye anaweza kuwa aliipata miaka mingi kabla ya harusi. Kipimo kikionyesha kirusi leo, hakisemi kiliingia lini wala kilitoka kwa nani. Kuuita huu ugonjwa wa malaya, kama wanavyofanya watu wazima wenye akili zao, ni uongo, tena uongo unaowafanya wanawake waifiche damu mpaka wakati umepita.

Kwa kawaida mwili hujisafisha wenyewe. Kati ya watu 10 walioambukizwa, karibu 9 kirusi huwatoka ndani ya miaka miwili. Shida iko kwa yule wa kumi. Kwenye mlango wa kizazi kuna mstari ambapo utando mgumu wa nje unakutana na utando laini wa ndani, na seli za hapo hubadilika sana, hasa miaka ya kubalehe. Kirusi hupenya papo hapo kupitia michubuko midogo isiyoonekana kwa jicho, kikashuka hadi safu ya chini kabisa, kikakaa. Aina ya 16 na ya 18 zinatengeneza protini mbili ambazo wanasayansi wanaziita E6 na E7. E6 huiangamiza p53, protini ya mwili ambayo kazi yake ni kuizuia seli yenye hitilafu isigawanyike. E7 humlemaza mlinzi wa pili, aitwaye Rb. Seli iliyopoteza walinzi wote wawili hugawanyika bila kipimo, na kila ikigawanyika hukusanya makosa mapya.

Hayo yote huchukua miaka 15 hadi 20. Kwa mwanamke ambaye kinga yake imedhoofishwa na UKIMWI usiotibiwa huweza kuchukua miaka 5 hadi 10 tu, na mwanamke anayeishi na virusi vya UKIMWI ana hatari mara sita zaidi ya mwenzake ya kupata saratani hii. Muda huo mrefu ni rehema na ni mtego. Ni rehema kwa sababu unatoa nafasi ya kukikamata kidonda kabla hakijaharibika. Ni mtego kwa sababu anayeumwa ni mama wa miaka 42 mwenye meza yake sokoni na watoto wa kusomesha, kwa jambo lililoingia mwilini mwake akiwa na miaka 17. Hakuna mtu pale mtaani atakayeyaunganisha mambo hayo mawili. Atasema amerogwa, au uzazi umemchosha.

Madaktari wenyewe hawakuyaunganisha mpaka juzijuzi. Miaka ya 1970 walimshuku kirusi mwingine kabisa, yule wa malengelenge ya sehemu za siri. Mjerumani Harald zur Hausen aling'ang'ania kwamba mkosaji ni HPV, na wenzake wengi walimwona anapoteza muda. Mwaka 1983 yeye na kundi lake waliipata aina ya 16 ndani ya vipande vya saratani. Mwaka uliofuata wakaipata ya 18. Mwaka 2008 akapewa Tuzo ya Nobel. Kirusi cha 18 kilikutwa pia katika seli za Henrietta Lacks, Mmarekani mweusi, mama wa watoto watano, aliyekufa kwa saratani hii huko Baltimore mwaka 1951 akiwa na miaka 31. Seli zake, zilizochukuliwa bila ruhusa yake, zinaendelea kukua katika maabara dunia nzima, na ndizo zilizotumika kuijaribu chanjo ya kwanza ya polio. Watoto wa Kamina waliookolewa na chanjo ya polio wana deni kwa mwanamke aliyeuawa na ugonjwa tunaouzungumzia hapa.

Kutengeneza chanjo kulikuwa na ugumu wa aina yake, kwa sababu kirusi kinacholeta saratani si kitu cha kukidhoofisha kisha ukamdunga mtoto mzima. Ufumbuzi ulipatikana Brisbane, Australia, mwaka 1991. Ian Frazer na mwenzake Mchina, Jian Zhou, waligundua kwamba protini moja ya nje ya kirusi, iitwayo L1, ikitengenezwa kwa wingi hujipanga yenyewe na kuwa duara linalofanana na kirusi kamili. Ndani hamna kitu. Ni kama gamba la konokono lisilo na konokono: mwili unaliona, unaogopa, unatengeneza kingamwili, lakini hakuna kiumbe humo cha kutambaa kwenda popote. Zhou alifariki mwaka 1999 bila kuiona chanjo yake ikitoka. Ilianza kutumika Marekani mwaka 2006.

Kwa msomaji wa Haut-Lomami, lile gamba tupu lina maana kuliko mahali pengine popote, na sijaona likielezwa vya kutosha. Mwaka 2017 mkoa huu ulipata mlipuko wa polio uliotokana na kirusi cha chanjo yenyewe, aina ya 2. Matone ya mdomoni yana kirusi hai kilichodhoofishwa. Mahali ambapo watoto wengi hawajachanjwa, kirusi hicho huweza kupita kutoka kwa mtoto mmoja hadi mwingine kwa njia ya kinyesi na maji machafu, mwezi baada ya mwezi, mpaka kikapata tena nguvu ya kupoozesha. Kilichokipa nafasi ni uchache wa waliochanjwa, si wingi wao. Lakini mama wa Bukama au Malemba-Nkulu aliyesikia maneno "polio ya chanjo" hakusikia vibaya, na mhudumu anayemwambia kwamba ni uvumi mtupu anamdanganya. Afadhali aambiwe ukweli wote: jambo lile lilitokea, na kwa chanjo ya HPV haliwezi kutokea, kwa kuwa ndani ya chupa hamna kirusi, hai wala mfu. Kuna ganda la protini na chumvi kidogo ya alumini ya kuuamsha mwili.

Swali linalofuata ni lile ambalo mama yeyote wa Katanga angeuliza, kwa Kiswahili chake: "Dokta, mutoto yangu haiko mugonjwa. Shindano ni ya nini?" Na nyuma yake kuna la pili, linaloulizwa kwa sauti ya chini: mbona anachanjwa binti wa miaka 10 kwa ugonjwa wa mambo ya kitandani? Mnamfundisha nini?

La kwanza linajibika kirahisi. Chanjo hii haitibu. Ikimkuta kirusi ameshaingia, haimtoi. Ndiyo maana inatolewa kati ya miaka 9 na 14, kabla binti hajaanza kujamiiana, na katika umri huo mwili unatengeneza kingamwili nyingi kuliko ukubwani. Sheria ya Familia iliyorekebishwa mwaka 2016 inasema ndoa ni miaka 18, lakini uchunguzi wa kitaifa wa 2017 na 2018 ulikuta kwamba karibu wanawake 29 kati ya 100 wa Kongo wenye umri wa miaka 20 hadi 24 walikuwa wameolewa kabla ya kufika umri huo. Ukisubiri binti akue ndipo umchanje, wengine utawakuta wameshabeba mimba.

La pili nitalijibu kwa swali. Mtoto mchanga wa Kamina akifikisha wiki 6 anadungwa penta. Katika sindano ile mna kinga ya homa ya ini aina ya B, ugonjwa unaoambukizwa, pamoja na njia nyingine, kwa kujamiiana, na ambao nao huleta saratani, ya ini. Sijasikia mchungaji wala shangazi akisema penta inawafundisha uzinzi watoto wa wiki 6. Kwa maneno mengine, akina mama wa Kamina wamekuwa wakiwapeleka watoto kuchanjwa dhidi ya saratani kwa miaka, bila kelele, kwa sababu hakuna aliyewatajia kitanda. Na tafiti zilizofuatilia wasichana waliochanjwa HPV hazikuona kwamba wanaanza mapenzi mapema kuliko wenzao.

Kuhusu utasa, hofu inayosambaa kuliko zote, kamati ya usalama wa chanjo ya Shirika la Afya Duniani ilipitia taarifa mwaka 2017, wakati dozi zaidi ya milioni 270 zilikuwa zimeshatolewa. Haikuona uhusiano wowote na utasa. Ilichokiona ni mkono kuuma, wasichana wengine kuzimia kwa woga wa sindano, na mzio mkali kwa takriban watu 1.7 katika kila dozi milioni moja. Ndiyo sababu binti anatakiwa akae robo saa baada ya kudungwa, kwenye benchi, si kwenye jua. Kinachowaharibia wanawake uzazi ni saratani yenyewe, ambayo tiba yake mara nyingi ni kukitoa kizazi.

Sasa nifike kwenye habari iliyonifanya niandike haya. Chanjo ilipoanza ilikuwa dozi tatu ndani ya miezi 6, na Marekani kila dozi iliuzwa kwa karibu dola 120. Rwanda ndiyo nchi ya kwanza Afrika kuitoa nchi nzima, mwaka 2011, kwa dozi alizotoa mtengenezaji kama msaada. Walichanjia shuleni, darasa la sita, na wahudumu wa afya wa vijijini wakapita nyumba kwa nyumba kuwatafuta wasio shuleni. Zaidi ya asilimia 93 walipata dozi zote tatu mwaka ule wa kwanza. Walikuwapo watu wa Ulaya walioandika kwamba Rwanda imekurupuka. Lakini Rwanda ni nchi ndogo yenye barabara. Nani angempata binti yuleyule mara tatu ndani ya miezi 6 katika visiwa vya wavuvi vya ziwa Upemba na Kisale? Kwa bei hiyo na idadi hiyo ya dozi, Haut-Lomami haikuwa na hesabu ya kupiga.

Hesabu ilibadilishwa na majaribio mawili yaliyoharibika. La kwanza lilikuwa Guanacaste, Costa Rica, kuanzia mwaka 2004, likiwa na wanawake 7,466. Wote walipangiwa dozi tatu, lakini wengine walipata mimba katikati, wengine walipewa rufaa za vipimo, wakaishia na dozi mbili au moja. Watafiti hawakuwatupa. Waliendelea kuwafuatilia, na baada ya miaka 11 wale wa dozi moja walikuwa bado wamekingwa dhidi ya aina ya 16 na ya 18. Wengi walisema ni bahati, idadi ni ndogo.

Jaribio la pili lilikuwa India. Lilianza mwaka 2009, shabaha ikiwa wasichana 20,000, kulinganisha dozi mbili na tatu. Aprili 2010 serikali ya India ilisimamisha kazi zote za chanjo ya HPV, kwa sababu ya vifo vya wasichana kadhaa katika mradi mwingine kabisa. Uchunguzi haukuvihusisha na chanjo. Amri ilipotoka, wasichana 4,950 walikuwa wamepata dozi moja tu, na hawakuruhusiwa kuongezwa. Unaweza kuufikiria uchungu wa watafiti wale, kazi ya miaka imekatwa katikati. Walikaa na wasichana wao karibu miaka 10. Matokeo yalitoka mwaka 2021: dozi moja ilikuwa imezuia asilimia 95.4 ya maambukizi sugu ya aina ya 16 na ya 18, sawa na waliopata mbili au tatu. Kama amri isingetolewa, huenda tungekuwa bado tunabishana.

Kilichobaki ni kulithibitisha kwa jaribio lililopangwa hivyo tangu mwanzo, na kazi hiyo ilifanywa na wasichana wa Afrika Mashariki. Nchini Kenya, Kisumu, Nairobi na Thika, wanawake 2,275 wenye miaka 15 hadi 20, ambao tayari walikuwa wameanza kujamiiana, walipewa ama dozi moja ya HPV au chanjo ya homa ya uti wa mgongo kwa ajili ya kulinganisha. Baada ya miezi 18 dozi moja ilikuwa imezuia asilimia 97.5 ya maambukizi mapya sugu ya aina ya 16 na ya 18. Mwanza, Tanzania, wasichana 930 wa miaka 9 hadi 14 walipewa dozi moja, mbili au tatu, damu ikapimwa kwa miaka: karibu wote wa dozi moja walikuwa na kingamwili. Desemba 2022 Shirika la Afya Duniani likatangaza rasmi kwamba dozi moja inaweza kutumika kwa wasichana na vijana wa miaka 9 hadi 20. Wenye virusi vya UKIMWI ndio waongezewe. Aprili 2024 Tanzania, iliyoanza na dozi mbili mwaka 2018, ikahamia dozi moja.

Na je, saratani yenyewe inapungua? Inapungua. Uingereza, wasichana waliopewa nafasi ya kuchanjwa wakiwa na miaka 12 na 13 wamepata saratani hii pungufu kwa asilimia 87 kuliko waliowatangulia. Scotland ilitangaza Januari 2024 kwamba miongoni mwa waliochanjwa kikamilifu katika umri huo hajapatikana hata mgonjwa mmoja.

Bei nayo imeshuka. Mwaka 2013 nchi zinazosaidiwa na Gavi, muungano wa kimataifa wa chanjo, zilipata bei ya takriban dola 4.50 kwa dozi, na tangu hapo viwanda vya China vimeingia sokoni. Kwa hiyo kikwazo cha Kamina si bei tena, wala si ile safari ya mara tatu. Ni mambo ya kawaida kabisa, ambayo wauguzi wa hapa wanayajua kuliko mwandishi yeyote.

Kuna baridi. Chanjo hii hukaa kati ya nyuzi 2 na 8. Kwenye kila chupa kuna alama ndogo, duara lenye mraba ndani yake. Mraba ukigeuka mweusi kama duara, chupa imepata joto kupita kiasi, itupwe. Muuguzi wa kituo cha kijijini anaisoma alama ile bila miwani. Adui asiyeonekana kwa urahisi ni barafu. Chanjo yenye alumini ikiganda haifai tena hata ikiyeyuka, na haibadiliki rangi. Wanaojua kazi hutikisa chupa wanayoishuku pamoja na nyingine iliyogandishwa makusudi, wakaziweka mezani na kusubiri: ile iliyoharibika huachia mashapo chini upesi. Friji za sola zimesaidia sana mahali ambapo umeme ni hadithi. Ila chupa huganda pia ndani ya sanduku la barafu juu ya pikipiki, pale vipande vya barafu vilipotolewa friza na kutumiwa palepale kwa haraka, bila kuachwa vianze kuyeyuka.

Kuna kuwapata wasichana. PEV imezoea mtoto anayebebwa mgongoni. Mama anakuja kliniki siku ya kupima uzito, kadi mkononi. Binti wa miaka 10 habebwi na hapimwi uzito. Anapatikana shuleni, na hapo Kongo ilijisaidia bila kujua ilipoondoa karo ya shule za msingi za serikali Septemba 2019 na madarasa yakafurika. Lakini wale waliobaki nje ya darasa ndio watakaoolewa mapema, kwa hiyo ndio wanaoihitaji sindano kuliko wote. Wako kwenye kambi za wavuvi kando ya Lualaba, wako mashambani Kaniama na Kabongo. Mkoa unajua namna ya kuwafikia. Ulishafanya hivyo kwa polio na kwa surua, ile surua iliyoua zaidi ya watu 6,000 nchini mwaka 2019, wengi wao watoto: kwa mtumbwi, kwa baiskeli, kwa wajitolea wa mtaa wanaoijua kila nyumba na kila mlango unaofungwa wakipita. Kazi hiyo ililipwa vizuri kampeni ilipokuwa na wafadhili, na kulipwa vibaya au kutolipwa kabisa ilipokuwa kazi ya kila siku. Anayetaka binti achanjwe na aanze kwa kumlipa aliyebeba sanduku.

Kuna pia makanisa. Baadhi ya Wakitawala na Wapostolo wa kaskazini mwa Katanga walikataa matone ya polio, na hawatakimbilia HPV. Wamisheni wa Kimethodisti na Wakatoliki, wenye shule na zahanati nyingi katika eneo hili, wana sauti kubwa kuliko redio. Kenya ilipoanza kuchanja Oktoba 2019, chama cha madaktari Wakatoliki kiliipinga waziwazi na baadhi ya wazazi wakasita. Padri au pasta wa Kamina akielezwa mapema, na mtu anayejibu maswali badala ya kuhubiri, anaweza kuifanya kazi ya miezi katika Jumapili moja. Akishtukizwa ataivunja kwa muda uleule.

Na mama wa binti je? Chanjo imempita. Kwake kuna siki. Muuguzi hupaka asidi ya siki ya asilimia 3 hadi 5 kwenye mlango wa kizazi, husubiri dakika moja, huangalia kwa taa. Penye seli zilizoharibika hugeuka peupe. Kidonda kidogo huunguzwa papo hapo kwa kifaa cha joto, chini ya dakika moja, na mwanamke hurudi nyumbani kwa miguu. Zambia, jirani yetu wa kusini, ilianza kupima hivi mwaka 2006, katika zahanati zilezile zinazohudumia wenye virusi vya UKIMWI, kazi ikifanywa na wauguzi, si madaktari bingwa. Kwa mji kama Kamina sioni sababu ya kuyatenganisha mambo mawili haya. Siku timu inapofika shuleni na sanduku la chanjo, akina mama waliowasindikiza mabinti wapewe chumba, pazia, chupa ya siki na muuguzi aliyefundishwa. Mama aliyepimwa leo hatauliza tena sindano ya binti yake ni ya nini.

Dunia imejiwekea lengo kwamba ifikapo mwaka 2030 wasichana 90 kati ya 100 wawe wamechanjwa kabla ya kutimiza miaka 15. Haut-Lomami iliundwa kuwa mkoa mwaka 2015, Katanga ilipogawanywa. Msichana aliyezaliwa mwaka huo anatimiza miaka 15 mwaka 2030, na wadogo zake wanaomfuata wako madarasani sasa hivi, au kwenye mtumbwi wa baba.